Mguu Baada ya Kupasuliwa Nundu: Je, Uende kwa Mtaalamu wa Mazoezi?

Wasomaji wengi wa ukurasa huu, hasa askari na wake zao, wanaifahamu nundu inayojitokeza ubavuni mwa mguu, penye shina la kidole gumba. Huanza kama uvimbe mdogo unaosuguliwa na kiatu. Miaka ikipita, kidole gumba hukiegemea kidole cha pili, mara nyingine hata kukipanda, na mtu aliyekuwa akimaliza gwaride zima bila kuchoka huona taabu kutoka kotani hadi lindoni. Walio wengi huvumilia. Wachache hufika kwa daktari mpasuaji, wakapasuliwa, wakarudi nyumbani na bandeji nene na maneno machache ya kukumbuka. Juma hili tutazungumza juu ya hao wachache: siku zinazofuata baada ya kisu, na uamuzi unaowasumbua, yaani kama inafaa kugharimia safari za kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, au kama mtu aweza kuutengeneza mguu wake mwenyewe nyumbani.

Tumependa kulitazama jambo hili kutoka Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru, katika Mkoa wa Luapula kaskazini mwa Zambia. Mkazi wa Lusaka au Dar es Salaam anaweza kupanda basi la mjini akamwona mtaalamu na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Kwa mtu wa Nchelenge kila safari ina bei yake. Kutoka huko hadi Mansa, makao makuu ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 200. Upande wa pili wa ziwa ni nchi ya Kongo, na wafanyabiashara wa Pweto na Kilwa huja na kurudi kwa mashua, ndiyo maana Kiswahili cha Katanga si kigeni katika soko la samaki la Kashikishi. (Kilwa hiyo si ile ya pwani yetu. Tena ziko mbili huko huko: mji ulio Kongo, na kisiwa kilicho upande wa Zambia.) Aidha, tangu mwaka 2018 yapo makazi ya wakimbizi wa Kongo huko Mantapala, wilayani humo humo, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Swali la nani amwone mtaalamu, mara ngapi, na kwa fedha gani, linaonekana vizuri zaidi mahali pa namna hiyo kuliko mjini.

Kwanza tuelewane juu ya nundu yenyewe. Si nyama iliyoota, wala si uvimbe wa kukatwa na kutupwa. Ni kichwa cha mfupa. Mfupa mrefu wa wayo unaokibeba kidole gumba husogea upande wa ndani, kuelekea mguu wa pili, na kidole chenyewe hupinda upande wa nje, kuvielekea vidole vingine. Pembe inayotokea hapo kati ndiyo tuionayo kama nundu. Huonekana zaidi kwa wanawake kuliko wanaume, na aghalabu hurithiwa: mama anayo, bibi alikuwa nayo.

Viatu navyo vina sehemu yao. Mwaka 1958 madaktari wawili wa Hong Kong walichapisha uchunguzi wa miguu ya Wachina waliovaa viatu na ya wengine ambao hawakuvaa. Miongoni mwa wenye viatu, watu 33 katika kila 100 walikuwa na kidole kilichopinda. Miongoni mwa waendao peku walikuwa wawili tu hivi. Mwaka 2021 wachunguzi wa Cambridge, Uingereza, walitoa habari za mifupa 177 ya watu wa kale waliozikwa katika mji huo. Katika makaburi ya karne ya 11 hadi ya 13, asilimia 6 walikuwa na ugonjwa huu. Katika yale ya karne ya 14 na ya 15, viatu vyenye ncha kali vilipokuwa fahari ya wenye nacho, wakafikia asilimia 27. Hata hivyo wale wawili wa Hong Kong waliokwenda peku wanatukumbusha kwamba kiatu hakibebi lawama yote. Mvuvi wa Mweru aliyekulia mchangani naye aweza kupata nundu, naye huumia kama askari mwenye buti.

Upasuaji haufanywi kwa ajili ya uzuri wa mguu. Sababu yake ni maumivu yasiyotulizwa na kiatu kipana, au kidole kilichopinda kiasi cha kumzuia mtu kufanya kazi yake. Wafini walilipima jambo hilo kwa wagonjwa 209 wakachapisha matokeo mwaka 2001: wengine walipasuliwa, wengine walipewa soli maalumu za kuweka ndani ya viatu, wengine waliambiwa wangoje. Soli zilileta nafuu kwa miezi ya mwanzo, lakini baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa ndio waliokuwa na maumivu machache kuliko wote. Kwa hiyo kisu kina kazi yake. Kazi hiyo ni kuukata mfupa, kuusogeza mahali pake na kuushikiza kwa skrubu au waya. Kuufundisha mguu kutembea upya ni shughuli nyingine.

NDEGE IKIISHA KURUKA

Mabingwa wa mifupa ni wachache katika nchi zetu, na Zambia si tofauti. Wengi wao wako Lusaka na katika miji ya Ukanda wa Shaba. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1980, kikundi cha madaktari warukao kiitwacho FLYSPEC, alichokianzisha Profesa John Jellis, bingwa wa mifupa aliyeweza kurusha ndege yeye mwenyewe, kilipeleka upasuaji wa mifupa na wa ngozi katika hospitali za mbali ambako daktari wa namna hiyo hakuwahi kukaa. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini bingwa aliyekuja kwa ndege huondoka kwa ndege, na mgonjwa aliyemfuata bingwa mjini hurudi kwa basi. Kwa namna zote mbili, mpasuaji na mguu alioupasua hutengana mapema, na mguu hubaki mikononi mwa muuguzi, mke, mume na watoto.

Basi jambo la kwanza ambalo mgonjwa asiondoke bila kulipata ni karatasi. Tunalitia mkazo kwa sababu uamuzi mzima juu ya mazoezi unaitegemea. Karatasi hiyo iandikwe mambo manne: ni mfupa upi uliokatwa na namna gani, kuna skrubu au waya ndani, na waya utatolewa lini, mgonjwa aweza kuukanyagia mguu kuanzia lini, kwa kisigino tu au kwa wayo wote, na kidole kianze kukunjwa lini. Zipo namna zaidi ya 100 za kupasua nundu, na mazoezi yaliyo dawa kwa namna moja huweza kuwa madhara kwa nyingine. Mtu ambaye kiungo cha kidole chake kimeunganishwa moja kwa moja, ili kisikunjike tena, hapaswi kabisa kulazimishwa kukikunja. Aliyekatwa mfupa huku kiungo kikiachwa huru anatakiwa kukikunja, la sivyo kitakakamaa. Kwa macho, makovu ya watu hao wawili huweza kufanana.

Karatasi itaandikwa kwa Kiingereza. Kwa mgonjwa wa Mantapala au wa Pweto, na hata kwa mzee wa Kashikishi ajuaye Kibemba tu, hiyo ni karatasi bubu mpaka asomewe. Aombe asomewe pale pale wodini, mbele ya yule ndugu atakayemtunza, na kila mmoja ayarudie maneno kwa kinywa chake. Muuguzi hatachukia, afadhali dakika kumi za kusomeana kuliko mfupa ulioachana.

MAJUMA MAWILI YA KUKAA

Katika majuma mawili ya mwanzo kazi ya mgonjwa ni kulala na kuuinua mguu. Uwekwe juu ya mito au magunia yaliyokunjwa, upite kimo cha moyo, sehemu kubwa ya siku. Kutembea ni kwenda chooni na kurudi, kwa kiatu maalumu kinachomfanya mtu akanyage kisigino, au kwa magongo kama ndivyo alivyoagizwa. Bandeji isiloweshwe wala isifunguliwe na mtu asiyeagizwa, maana bandeji hiyo si ya kufunika kidonda tu. Inakishika kidole mahali kilipowekwa. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Penye barafu, kama ile ya wauza samaki, itiwe katika mfuko usiovuja, ifungwe kwa kitambaa, iwekwe juu ya bandeji kwa dakika 15 au 20, kisha iondolewe.

Baba mwenye nyumba aelewe kwamba majuma hayo hayana mzaha. Mama aliyepasuliwa mguu hawezi kuteka maji, kusonga wala kusimama jikoni, na kumwambia ajikaze ni kuitupa nauli yote iliyotumika. Kazi hizo zigawanywe kabla ya siku ya upasuaji, si baada yake. Askari anayejua kufagia bweni na kupika kambini hana sababu ya kusahau ujuzi huo akiwa kwake.

Chakula kisiwe ugali wa muhogo peke yake. Mfupa unaounga unataka protini na chokaa, na hapo watu wa Mweru wana bahati: chisense, vidagaa vya ziwa hilo, huliwa vizima pamoja na miiba yake. Avutaye sigara aiache, kwa sababu moshi huchelewesha mfupa kuunga.

Safari ya kurudi nyumbani nayo ifikiriwe. Atokaye Ndola kwenda Luapula hukatiza kipande cha nchi ya Kongo, kilomita 70 hivi, kisha huvuka Mto Luapula katika daraja la Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008 na kupewa jina la Rais Levy Mwanawasa. Daraja lilipunguza adha ya kungoja kivuko, lakini safari bado ni ndefu kwa mguu unaoning'inia. Mgonjwa aombe kiti ambacho ataweza kuunyosha mguu, avichezeshe vifundo vya miguu yote miwili njiani, anywe maji. Muundi ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, hiyo ni dalili ya damu iliyoganda, na mtu apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Arudiye kisiwani au Kongo kwa mashua abebwe hadi chomboni. Asiingie majini hata hatua moja. Maji ya ziwa si safi kwa kidonda, na kichocho kipo.

Sasa tuseme juu ya kukanda, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea kwa nia njema. Bibi akiuona mguu umevimba, maji ya moto huwa tayari jikoni. Tunamheshimu bibi, lakini mfupa uliokatwa huhitaji majuma sita hadi manane kuunga, na katika muda huo kuukanda kwa maji moto na kuuvuta ni kuuachanisha. Kukanda kuna zamu yake. Kovu likiisha kufunga kabisa na daktari akiridhika, kulisugua taratibu kwa mafuta, dakika chache kila siku, hulainisha ngozi isigandamane na kano za chini yake. Hapo bibi aitwe, tena atafanya vizuri kuliko wengi.

Jambo jingine ni la Nchelenge hasa, ingawa wasomaji wetu wa kando ya maziwa yote walishike. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi kabisa Zambia. Mtu akipata homa huko, hakuna anayeuliza mara mbili: ni malaria, ameze dawa. Kwa mtu aliyepasuliwa mazoea hayo yaweza kumpoteza. Homa baada ya upasuaji inaweza kuwa ya malaria, inaweza kuwa ya kidonda kilichoingia wadudu, na inaweza kuwa ya vyote viwili pamoja. Damu ipimwe malaria, na siku hiyo hiyo kidonda kitazamwe na mwuguzi. Kipimo kikionyesha malaria, hiyo si ruhusa ya kuacha kukitazama kidonda. Wekundu unaoenea, usaha, harufu, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au vidole vilivyopoa na kugeuka rangi, vyote ni vya kupelekwa hospitali bila kungoja kesho. Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Paulo iko hapo Kashikishi. Si lazima mtu asafiri hadi Mansa ili mguu wake utazamwe tu.

Wapo waulizao ni majira gani yafaayo kupasuliwa. Mvuvi atajibu haraka: wakati uvuvi umefungwa, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, kwa kuwa siku hizo hakuna kinachopotea kwa kukaa nyumbani. Hesabu yake ya fedha ni sahihi. Lakini miezi hiyo ni ya mvua, ya matope mlangoni, ya njia mbaya na mbu wengi. Mwenye nyumba yenye sakafu kavu, chandarua, na choo kilicho karibu aweza kuitumia miezi hiyo. Asiye navyo, kwa maoni yetu, afadhali apoteze mapato ya majuma machache wakati wa kiangazi.

UAMUZI WENYEWE

Juma la sita likifika, mguu hupigwa picha ya eksirei, na kama mfupa umeshika, mgonjwa huambiwa aanze kuvaa kiatu cha kawaida kilicho kipana. Wengi hufurahi, wakidhani yamekwisha. Watazame wanavyotembea. Kwa miaka mingi walijizoeza kukanyaga ukingo wa nje wa mguu ili kuikwepa nundu. Sasa nundu haipo lakini mazoea yapo. Kidole gumba kimenyooka, lakini hakifanyi kazi. Mzigo huangukia vidole vidogo, na baada ya miezi maumivu mapya huanza katikati ya wayo. Mgonjwa husema upasuaji haukufaa, kumbe mfupa hauna kosa.

Hapo ndipo mtaalamu wa mazoezi ya viungo anapohitajika. Madaktari wa Vienna, Austria, walichapisha mwaka 2009 habari za wagonjwa 30 waliopasuliwa nundu kisha wakapewa mazoezi na mtaalamu mara moja kwa juma, kwa majuma machache, wakianza mwezi mmoja hivi baada ya upasuaji. Kwa chombo cha kupima uzito unaokanyagwa na kila sehemu ya wayo, walionyesha kwamba kidole gumba na shina lake vilirudi kubeba mzigo na kusukuma ardhi. Ni habari njema, ila tuipokee kwa kiasi: hapakuwa na kundi la pili la watu wasiopewa mazoezi ili wapate kulinganishwa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba bila mtaalamu wasingepona. Tunachoweza kusema ni kwamba kidole hicho chafundishika.

Tena tutazame kilichofanyika Vienna: safari moja kwa juma, si kila siku, na si kwa mwaka mzima. Kwa mtu wa Nchelenge hata safari hizo chache zaweza kumaliza akiba ya nyumba kama mtaalamu yuko mbali. Zambia inawasomesha wataalamu hawa mjini Lusaka, lakini nchi ni kubwa. Jambo la kwanza ni kuuliza katika hospitali iliyo karibu kama yupo, au huja siku zipi. Kama hayupo, ushauri wetu ni wa kati na kati. Safari moja iwe ya lazima, katika juma la nne hadi la sita, pamoja na ile karatasi, na pamoja na ndugu mmoja atakayetazama na kushika mazoezi. Ikiwezekana, safari hiyo iunganishwe na ile ya kupiga picha ili nauli iwe moja. Baada ya hapo mtu afanye kazi nyumbani, kisha ajipime katika mwezi wa tatu kama ipo haja ya kurudi.

Wako ambao hatuwashauri wabane matumizi hivyo. Mwenye kisukari au ganzi ya miguu asijifanyie mazoezi kwa kubahatisha, maana haumwi anapojiumiza. Mzee aogopaye kuanguka anahitaji mtu wa kumsimamia. Mtu ambaye kidole chake katika juma la sita hakisogei kabisa, au mguu wake unauma kama moto na ngozi yake imebadilika rangi na kung'aa, huyo aende mapema, tena aende mara nyingi, hata kama ni kwa kukopa nauli. Na askari au mvuvi, ambaye riziki yake ni kukimbia, kuchuchumaa au kusukuma mashua mchangani, ana sababu nzito zaidi kuliko karani wa kukaa kitini.

Mazoezi ya nyumbani, kwa yule ambaye kiungo chake hakikuunganishwa na ambaye daktari amemruhusu, si ya ajabu. Mkono mmoja ushike mfupa nyuma ya kiungo, mwingine ushike kidole karibu na shina lake. Kidole kivutwe kidogo kwa upole, kiinuliwe juu, kishushwe chini, mara 10, na zoezi lirudiwe mara tatu au nne kwa siku. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si kitu. Yakibaki hadi kesho yake, umezidisha. Baadaye mtu aketi, akanyage sakafu, akibonyeze kidole gumba chini huku vingine vimetulia. Aokote kitambaa kwa vidole. Katika mwezi wa tatu hivi, akiishikilia meza, ainuke kwa ncha za miguu yote miwili, polepole, uzito ukienda kwenye kidole gumba na si ukingoni. Zaidi ya yote ni kutembea kwenyewe: kisigino kwanza, kisha wayo, mwisho kidole gumba kisukume. Hatua fupi kumi zilizo sahihi zina faida kuliko kilomita moja ya kuchechemea.

Na chombo cha kupimia kama kile cha Vienna? Kipo bure. Kidonda kikiwa kimefunga kabisa na daktari akiwa ameruhusu uzito wote, tandaza mchanga safi na laini uani, mbali na maji, uusawazishe, upite peku hatua sita za kawaida bila kujitazama. Kisha rudi uangalie nyayo. Mguu mzima utaacha alama ya kidole gumba iliyodidimia, na mchanga kidogo ukiwa umesukumwa nyuma. Kama mguu uliopasuliwa umeacha ukingo wa nje tu, na mahali pa kidole gumba mchanga haukuguswa, basi kidole bado kimelala. Rudia kila Jumapili. Ikiwa juma baada ya juma alama yazidi kuonekana, mazoezi ya nyumbani yanatosha, na nauli ibaki mfukoni. Ikiwa mwezi umepita bila mabadiliko, ndipo safari ya pili ina maana, tena mtaalamu aelezwe ulichokiona mchangani. Mwenye kisukari asifanye jaribio hili peku.

Kurudi kazini kusifuate aibu wala maneno ya wenzake. Kazi ya kukaa, ambapo mguu waweza kuinuliwa, huwezekana baada ya majuma mawili au matatu. Dereva aliyepasuliwa mguu wa kulia asirudi usukani kabla ya majuma sita hadi manane, na awe kwanza na hakika kwamba aweza kukanyaga breki kwa nguvu. Lindo la kusimama lingoje majuma manane au zaidi. Gwaride, mbio na kubeba mzigo ni vya mwezi wa tatu hadi wa sita, kwa kadiri mguu unavyojibu. Askari aombe daktari wake aandike muda huo waziwazi ili mkuu wake wa kituo ajue ampe kazi gani nyepesi. Uvimbe wa jioni huweza kuendelea kwa miezi sita, kwa wengine karibu mwaka, na peke yake si dalili ya ubaya.

Kilichobaki ni kiatu, maana nundu hurudi. Kinunuliwe jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Kabla ya kwenda dukani, mtu asimame juu ya karatasi, mwenzake auchore mguu kuuzunguka kwa kalamu, kisha akate umbo hilo na kulitia ndani ya kiatu anachotaka kukinunua, au ndani ya buti analopewa stoo. Karatasi ikikunjika ukingoni, arudishe, aombe jingine lililo pana zaidi.